Wali wa Arobaini Yako

Baba,

Leo ni Ijumaa na tumekula bugali. Najua ungekuwa hapa ungeweka mkasi chini. Bugali ya muhogo na majani ya sombe, siku ya Ijumaa, katika nyumba ya fundi Ramazani, ambaye sinia lake la wali lilikuwa likifika msikitini kabla mwadhini hajasafisha koo! Usikasirike kwanza. Nina mengi ya kukueleza, na safari hii huwezi kunikatiza ili nikuletee chai.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha wewe mwenyewe kwa chaki ya fundi, juu ya kaniki ya mteja, halafu unakikung'uta kitambaa haraka kabla mwenyewe hajaja. Karatasi hii ni ile ya kufungia majora ya nguo, nimeinyoosha kwa pasi. Zamani ningechukua daftari dukani kwa jina lako. Ndiyo, kwa jina lako, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Jumapili unatimiza mwaka. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo haitanikuta na jina lako likiwa bado katika kitabu cha duka. Nilimwapia na Mama. Wewe sikukuapia, niliogopa kukuahidi kitu halafu nishindwe. Sasa naweza kukuambia yote.

Siku walipokutoa, jeneza lilipokuwa bado uani, Baba mdogo Selemani alisimama akajifuta uso kwa kanzu, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye reli: "Kila mwenye anadai ndugu yangu, akuye kwangu! Miye njo niko." Yaani yeye ndiye atakayelipa. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Tulimsikia, na Mama alizidi kulia kwa sababu yalikuwa maneno mazuri. Hata mimi niliyapenda. Mwalimu wa msikiti ametufundisha tangu utoto kwamba deni la mtu halifukiwi pamoja naye. Linamngoja mpaka lilipwe, au mpaka mtu mwingine alichukue na mwenye kudai akubali. Kwa hiyo tuliamini umeondoka mwepesi. Hakuna aliyekuja kudai ila mama muuza mawese, kwa chupa moja, na hata hiyo akaisamehe pale pale.

Mwenye duka hakuja msibani. Nakumbuka ulivyokuwa unamwita Bwana Kalamu, kwa ile penseli isiyotoka sikioni mwake. Miaka yote ile umekaa kwenye baraza ya duka lake na cherehani, wateja wanatoka ndani na kitambaa, wewe unakishona hapo hapo, na jioni unarudi nyumbani na mchele, sukari, majani ya chai. Sisi tulidhani ni ujira wako unaorudi nao. Hatukuuliza. Mtu haulizi baba yake wali umetoka wapi.

Ilipokaribia arobaini, Mama alikuwa bado katika eda, hatoki nje. Alinipa kile kikaratasi cha kuchukulia vitu dukani, chenye jina lako, ulichokuwa ukikiweka ndani ya kofia. Aliniambia: "Arobaini ya baba yako, watu wasitoke hapa na njaa. Tutalipa mwisho wa mwezi." Nami nilikwenda. Karani alipima magunia mawili ya mchele, akaongeza sukari na chai, akaandika. Niliita vijana wawili wenye mkokoteni. Nilikuwa natembea mbele ya mchele ule kama bibi harusi, Baba, naona fahari, kila mtu wa mtaa aone kwamba nyumba yako haijaanguka. Watu walikula wakashiba. Walisoma, wakakuombea Mungu akutoe katika kila kifungo. Baba mdogo alikula mara mbili.

Wiki mbili baadaye Bwana Kalamu aliniita, akanifungulia kitabu.

Sikujua kusoma herufi zake za Kizungu, karani ndiye aliyenisomea. Ukurasa wa kwanza wako, wa pili wako, wa tatu wako. Cherehani yenyewe, ile tuliyodhani ni yako tangu mdogo wangu Asha hajazaliwa, ilikuwa haijalipwa hata nusu. Halafu sukari. Sukari, sukari, chai, mchele wa Ijumaa, sadini, petroli ya taa, kikwembe cha Mama cha kujifunga Idi, tena sukari. Kila mgeni uliyemwambia karibu nilimkuta mle ndani. Wale wanaoshuka kwenye treni hawana pa kulala, wale wa mgodi wa Kalima wanaongoja mashua siku tatu, wote walikuwa humo, kila mmoja na vijiko vyake vitatu. Na chini kabisa, karani akiwa ameshaanza kupunguza sauti, magunia mawili ya mchele. Kwa jina lako. Siku ya thelathini na nane tangu uzikwe.

Sijui niandike vipi. Tulikuwa tunakuombea utoke kwenye deni, na chakula tulichokula huku tunaomba kiliandikwa juu yako. Ulikopa ukiwa kaburini, Baba. Na mkono uliokukopea ni huu unaoandika.

Nilirudi nyumbani kwa kupita njia ya mtoni ili watu wasinione. Nililia mpaka pua ikaziba. Halafu nikakukasirikia. Nikuambie ukweli, nilikukasirikia siku nyingi. Nilikuwa naitazama kofia yako kwenye msumari na kuiuliza, hukuweza kumwambia hata mgeni mmoja kwamba leo sukari imekwisha? Lakini nilikuwa nakusikia ukijibu kwa ile sauti yako ya kujifanya huna habari: "Mwamini, mutoto wangu, mugeni iko hapa, sukari iko wapi?" Basi hasira inaisha, nabaki na kilio tu.

Kesho yake baada ya kusomewa kitabu nilikwenda na Baba mdogo. Nilisema, si alitangaza? Acha achukue alichotangaza. Bwana Kalamu alimsikiliza, akafungua kitabu mahali pengine, akamwonyesha. Baba, ukurasa wa Baba mdogo ulikuwa umejaa hadi pembeni! Hapakuwa na nafasi ya kuandika hata kiberiti. Alitoka dukani bila kuaga, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Ndipo nikasema mimi: ondoa jina la baba yangu, andika langu. Bwana Kalamu alitikisa kichwa. "Mu buku yangu hakuna jina ya mwanamuke." Nilimwambia huyu unayemwandika amekufa. Alisema anajua, na kama deni halijaisha mwaka ukitimia, mashini inarudi dukani.

Ona jinsi dunia ilivyo. Kitabu chake kilikubali mwanaume aliye chini ya udongo, kikamkataa mwanamke aliyesimama mbele yake na miguu yake miwili. Nilitoka pale nimekasirika vizuri, hasira ya kazi, si ya kulia. Cherehani hairudi kwa mtu. Jina lako ndilo litakalotoka.

Jioni ile nilimweleza Mama yote. Nilidhani ataanguka. Aliangalia vidole vyake, kisha akasema: "Tukule muhogo. Baba yenu atoke mu buku." Hakuna kikao kingine kilichofanyika.

Tulianza na sukari kwa sababu ndiyo iliyokuwa imejaa kitabuni. Asha aligoma. Siku mbili hakunywa chai, alikaa mlangoni amevimbisha mashavu, na una habari jinsi mashavu yake yalivyo. Siku ya tatu Mama alimkatia kipande cha muwa, akamwonyesha: tafuna kwanza, kisha piga funda. Sasa ndivyo tunavyokunywa sote, na chai yenyewe si ya duka, ni mchaichai wa nyuma ya jiko. Asha anawaambia wenzake kwamba ndiyo chai ya kizungu. Petroli tuliacha. Tunakula jua likiwa bado lipo, na kama kuna haja ya mwanga, utambi unakaa katika kibakuli cha mawese. Unatoa moshi, lakini hauna karani. Sabuni ya duka tuliacha pia. Mama anapika ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Ya kwanza ilimchubua mikono, nikamwambia tuache, akanijibu kwamba mikono ni yake. Ya sasa ni nzuri, majirani wananunua. Sadini hatujaiona. Idi ilipita, Mama akavaa kikwembe cha mwaka juzi, nikakigeuza ndani nje na kukipindia ukingo mpya, watu wakauliza umenunua wapi.

Eda ilipokwisha, Mama alivuka mto akaomba kipande cha shamba Alunguli, kwa watu wa mama yake. Anavuka kwa mtumbwi Jumatatu na Alhamisi. Mwenye mtumbwi analipwa kwa muhogo. Mama wa mjini, aliyekuwa hataki matope yaguse kandambili zake! Ukimwona anavyorudi na kikapu kichwani, anapiga kelele kutoka mbali kwamba nimwekee maji, utampenda upya.

Mimi nashona nyumbani. Barazani pako amekaa fundi mwingine. Sipiti upande ule wa barabara nikiweza. Nashona libaya, zile blauzi za kina mama, na wale wa Kalima wakishuka na mishahara yao wanamtafuta mtoto wa fundi Ramazani, maana suruali zako hazikupasuka kule mgodini. Walicheka sana mwanzoni, mwanamke atatupimaje? Niliwaambia sipimi mwili wa mtu, nileteeni suruali ya zamani. Naipima hiyo, naongeza pale walipojaza tumbo. Hakuna aliyerudisha. Uzi wa kupigia hatua, ule wa kushikiza nguo kabla ya mashini, siutupi. Nauchomoa, nauzungusha kwenye kijiti, nautumia mpaka ukatike wenyewe, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Angalau katika uzi ulikuwa bahili.

Na kila Jumamosi asubuhi nilikwenda dukani. Kila Jumamosi, Baba. Iwe mvua, iwe homa. Siku nyingine fedha yenyewe ilikuwa ndogo mpaka karani anaona haya kuipokea. Sikuona haya. Nilikuwa nimekwisha kuwa na aibu kubwa zaidi ya hiyo.

Lililotushinda kwa muda mrefu ni sinia. Vyote tulipunguza, lakini Ijumaa tulikuwa bado tunapika wali na kuupeleka msikitini, mara hii kwa fedha taslimu, kwa sababu lilikuwa jambo lako. Tulijiambia tukiliacha utakuwa umekufa kweli. Kisha Jumamosi moja nilifika dukani mikono mitupu, maana fedha yote ilikuwa imeliwa jana yake na watu wanaosema wali wa leo una chumvi kidogo. Ndiyo Jumamosi pekee nilipofika bila kitu. Bwana Kalamu hakunigombeza. Aliitazama tu mikono yangu, akaandika alama. Nilirudi, nikalisugua sinia kwa majivu mpaka likang'aa, nikalitundika ukutani.

Ijumaa iliyofuata Baba mdogo alikuja kama kawaida yake, akanawa, akakaa, nikafunua chakula. Alikitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Bugali? Ijumaa? Nyumba ya waungwana njo imefika hapa?" Nikamwambia, Baba mdogo, wali upo, uko katika kitabu cha Bwana Kalamu, ukurasa wa tatu, nenda ukaule huko. Mama alinifinya paja. Nilijua nimevuka mpaka, na nilijua pia sitarudi nyuma. Baba mdogo aliondoka bila kula. Mtaa mzima ulisema mtoto wa Ramazani ameanza kiburi, amefunga mkono wa baba yake. Mwalimu alituma mtu kuuliza kama tuna mgonjwa. Nilimjibu kwamba mgonjwa hatuna, tuna marehemu, na tunataka alale. Mwalimu hakuuliza tena. Nasikia Ijumaa ile ile aliwaambia watu wasiende msikitini kwa ajili ya tumbo.

Wiki tatu Baba mdogo hakuonekana. Ya nne alikuja na samaki wawili wakubwa kwenye kamba, akamkabidhi Mama, akakaa, akala bugali na sombe na samaki wake. Hakuomba radhi na mimi sikuomba. Tangu siku hiyo hajaja mikono mitupu, na jambo hilo sijui kama wewe umewahi kuliona maishani mwako.

Sasa nikuambie ya juzi, Jumatano. Sikungoja Jumamosi. Nilimaliza suruali nne za watu wa Kalima, Mama akauza sabuni, nikafunga fedha katika kitambaa nikaenda. Karani alihesabu. Akapiga mstari kwenye cherehani. Baba, imekwisha, ile mashini ni yako! Akapiga mstari kwenye sukari, kurasa zote. Akafika chini, pale penye magunia mawili na sukari yake na chai yake, na fedha ikaishia hapo. Haikutosha. Nilijua haitatosha, nilihesabu nyumbani mara saba.

Bwana Kalamu akasema mwaka bado siku nne. Ndipo nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyatafuna usiku na mchana kama muwa. Nilimwambia: mchele huu baba yangu hakuuchukua. Siku hiyo alikuwa amelala makaburini siku ya thelathini na nane, muulize karani wako nani alikuja. Karani akainamisha kichwa, akanionyesha kwa kidole. Niliuchukua mimi, kwa miguu yangu, nikaupakia mkokoteni. Maiti hawezi kununua mchele. Kama kitabu chako ni cha kweli, mwandike aliyechukua. Kama ni cha uongo, niambie, nami uzi wangu nitanunua kwa Mhindi wa karibu na stesheni.

Niliona anautazama ukurasa, zile Jumamosi zote, na alama yake ile moja. Kisha akatoa penseli sikioni. Akapiga mstari mmoja mrefu juu ya jina lako, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisikia ile penseli inavyokwaruza. Akageuza ukurasa mpya, mweupe, akaniuliza jina.

Nikamwomba penseli. Hakuwahi kumpa mtu penseli ile, nadhani, maana karani alifungua mdomo. Niliandika mwenyewe, kutoka kuume kwenda kushoto, kwa mkono ulionishikia ukinifundisha, Mwamini binti Ramazani. Aliinamia herufi zile akazigeuza huku na huku. "Hii ni nini?" Nikamwambia ni mimi.

Nilirudi nyumbani kwa barabara kubwa, nikapita mbele ya baraza yako. Nilisimama pale. Yule fundi mwingine aliniuliza kama nina nguo ya kushona, nikamwambia hapana, naangalia tu.

Jumapili watakuja watu kukusomea. Watakuta mchaichai, muhogo wa Mama wa kuchemsha, karanga, na samaki kama Baba mdogo akibahatika. Hakuna kilichoandikwa popote. Sinia lako liko ukutani. Mama amepanda mpunga kule Alunguli, na Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno litashuka na kwenda msikitini limejaa mchele wetu wenyewe. Hiyo nakuahidi, sasa naweza. Na yale magunia mawili nitayamaliza kabla ya mpunga kuiva, Jumamosi kwa Jumamosi.

Nimekukosa, Baba. Kila nikimaliza pindo nageuka nikuonyeshe.

Lala sasa, miguu yako iko huru. Na kama huko uliko kuna mtu bado anakudai kitu, mwambie aje kwangu. Mimi njo niko. Chai atapata, sukari aje nayo.

Mwanao,
Mwamini